Ubeti Ambao Guled Hakupewa

Soko la nguo la Hargeysa lilikuwa limefurika. Guled, udi wake wa nyuzi mgongoni, alipita akiimba kwa sauti ya chini.

"Sauti tamu," alisema muuza vitambaa mmoja, msichana mrefu mwenye shela ya manjano. "Maneno ndiyo makavu. Umeyaokota wapi?"

"Nimeyatunga mwenyewe."

"Basi pole, kaka."

Guled alicheka mpaka akasahau alichofuata sokoni. Msichana aliitwa Idil. Miezi mitano walipendana kwa simu, yeye akitunga beti, Guled akizitafutia sauti.

"Umekula, mpenzi?"

"Nile vipi na ubeti wa nne haujakaa sawa?"

"Njaa itaniulia mshairi."

Kwetu, ukiimba maneno ya mtu unamtaja kwanza. Usipomtaja, wewe ni mwizi. Guled alilijua hilo. Lakini siku alipopanda jukwaani na mtangazaji akamuuliza maneno ni ya nani, alimwona Liban, kaka yake Idil, amekaa mbele. Liban alikwishaapa kwamba jina la dada yake halitatajwa na wanamuziki.

"Yangu," alisema Guled.

Idil alisikia redioni, dukani kwake. Akampigia.

"Nilikuogopea, Idil. Angekuua."

"Angenipiga, na kipigo kinapona. Wewe umenifuta."

Hakupokea simu yake tena. Wimbo ukapendwa kila mtaa. Liban akamposesha Idil kwa mfanyabiashara wa Burco, na bila kujua hili wala lile akamwajiri Guled aimbe harusini.

Bwana harusi mwenyewe aliuomba wimbo ule. "Maneno ni yako, siyo?"

Guled alimtazama Idil, hina mpaka viwikoni, dhahabu shingoni. Idil naye alimtazama, akisubiri. Nyuma yake alisimama Liban.

"Ni yangu," alisema Guled.

Idil akainuka. "Ni yangu mimi." Akausema ubeti wa nne, ambao Guled hakuwahi kupewa, na hakuna aliyemtilia shaka.

"Ulimtungia nani?" aliuliza bwana harusi.

"Mtu niliyemdhani jasiri."

Liban alikuwa ameanza kumwendea dada yake. Guled aliinamia udi, akaupiga wimbo mpaka mwisho kwa nyuzi peke yake. Maneno hakuthubutu tena kuyagusa.