Kitanda cha Serikali

YAHUSU: RUHUSA YA KUTUNDIKA MAPAZIA KATIKA GARI LA SERIKALI WAKATI WA MASIKA.

Barua zenye kichwa hicho zilikwenda na kurudi kati ya Sumbawanga na Dar es Salaam kwa muda mrefu hivi kwamba ruhusa ilipofika, panya walikuwa wamekwisha kuyala mapazia yenyewe. Bwana Pelham akashonesha mengine. Alikuwa afisa wa kilimo, na ndani ya lori kuukuu la jeshi alikuwa amefunga kitanda cha chuma, jiko la mafuta ya taa na beseni la kunawia. Wazungu wenzake walizuru vijiji wakati wa kiangazi, kwa mahema na wapagazi. Yeye alingoja mvua.

"Masika, Saad," aliniambia mimi karani wake, "nchi yote ni yangu."

Nami nilimwelewa. Hakuna vumbi. Hakuna jumbe wa kukulilia mpaka wa shamba. Uwanda wote wa Ufipa ni kijani mpaka macho yanapokoma, chai ya moto mkononi, mvua inapiga juu ya turubai, na wewe u mkavu chini yake kama mbegu ghalani.

Aliyenuna ni dereva, Leonardi. Alikuwa amefunga ndoa juzijuzi na Bertilla, kanisani misheni.

"Mwenzenu nina mke," alinung'unika njia nzima. "Nyie mna mapazia."

Jioni moja, tulipoipita Matai, barabara ikawa tope tupu. Kando yake lilisimama ilungu, lile tanuru refu la udongo la kuyeyushia chuma, lililoachwa tangu majembe ya dukani yalipoingia. Bwana akaamuru tuegeshe ubavuni mwake, litukinge upepo.

Leonardi akagoma.

"Hapana, Bwana. Wazee wetu walimpamba huyu kama bibi harusi kabla ya kumwasha. Wahunzi ndio waume zake. Hapelekewi kitanda."

"Ni udongo tu, Leonardi."

"Hata Adamu alikuwa udongo, Bwana."

Tukaegesha.

Jua likizama, akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni. Tukamwamkia shikamoo. Alikuwa amechungulia ndani ya lori, akautua mzigo wake polepole.

"Mmemletea kitanda..." alinong'ona. "Mume ni yupi?"

Bwana alipenda utani. Akamshika Leonardi bega. "Huyu hapa! Bado mpya, kaoa juzi!"

Bibi hakucheka. Aliondoka mbio, kuni akaziacha.

Huuu...

Tulidhani ni upepo.

Huuu... huuu...

Tanuru lilikuwa linavuta pumzi. Halina moto, nyasi zimeota mdomoni mwake, nalo linapumua. Ikaja harufu ya chuma cha moto, na chini yake, harufu ya mafuta anayopakwa mwali.

Leonardi alikuwa ameinama akifunga turubai. Mkono wake wa kushoto ukanyooka wenyewe. Ukamwangusha kifudifudi, ukamburuta topeni, ukaingia katika tundu la chini la tanuru, lile la kupitishia hewa, hadi kwapani.

Kwa!

Mfupa ulikatika kama muwa.

"Saad! Ndugu yangu! Nina mke mimi!"

Nilimkumbatia kiunoni. Bwana akashika miguu. Tulivuta, na ndani nako kulivutwa. Ngozi ya Leonardi ilianza kuchemka. Niliisikia, kisha nikainusa. Bwana akachukua sururu akaupiga ukuta wa tanuru. Sururu ikarudi na kumpasua paji la uso.

"Mkane!" nilimpigia Leonardi kelele. "Sema wewe si mumewe!"

"Kitanda si changu!" akalia. "Mama, kitanda si changu!"

Pumzi ikakatika.

Kimya.

Kilikuwa kimya cha mtu aliyeuliza swali. Bwana, damu machoni, akalijibu kwa mazoea ya kazi:

"Ni mali ya Serikali!"

Na pale, kutoka Matai mpaka ziwani, Serikali ilikuwa yeye.

Leonardi aliniangukia kifuani. Mkono ulibaki ndani.

Sikumwona aliyemshika Bwana. Nilimwona Bwana akipungua tunduni. Kichwa. Kisha mabega, ambayo yalivunjwa kwanza. Kisha kiuno. Alipiga kelele mpaka kifuani, baada ya hapo zikawa zinatoka juu, mdomoni mwa tanuru... Nilimng'ang'ania viatu. Nikabaki navyo.

Boma liliandika kwamba Bwana aliuawa na radi. Tanuru likabomolewa, likakutwa tupu: hakuna jivu, hakuna mfupa. Waliolibomoa wanasema udongo wa ndani ulikuwa na joto, si la moto, la mwili wa mtu.

Radi haikupiga. Leonardi alirudi kwa mkewe na mkono mmoja, na Bwana Pelham alivutwa, akiwa hai, ndani ya tundu lisilopitisha chungu cha uji.