Karibu ya Mtu Mmoja

Jua lilikuwa linazama, na walichokuwa wakitafuta ni chai tu. Chai ya moto, kitu cha kutafuna, kisha mwendo wa saa mbili hadi nyumba ya wageni.

Ilikuwa siku ya sita ya safari waliyoiahirisha miaka tisa. Mume alikuwa msahihishaji wa vitabu vya shule. Mke alifundisha hisabati. Likizo ya kiangazi ilipoanza walijaza tangi, wakafunga nyumba, wakaapa kutokula popote penye kitambaa cha meza. Wangekula vibandani, njia nzima. Na mke, kwa mazoea ya kazi, alikuwa na daftari la alama. Samaki wa kukaanga wa pale darajani: nane juu ya kumi. Supu ya kituo cha mafuta: nne, "ajitahidi zaidi."

"Mwalimu, mbona humpi mtu kumi?" mume alimuuliza.

"Kumi ni ya mama yangu. Na mama hapiki tena."

Mama yake alikuwa na mwaka wa nne kaburini.

Kibanda kilikuwa njia panda, pale lami ilipokomea. Kuni zilifuka moshi. Chini ya harufu ya moshi kulikuwa na nyingine, kama ya nguo zilizofungiwa sandukuni muda mrefu. Mwanamke aliyekaa kigodani aliwapa mgongo, akikoroga chungu. Kabla hawajabisha, bila kugeuka, alisema:

"Karibu."

Mume alilisikia kosa kabla hajaisikia sauti. Ndivyo alivyokuwa. Watu wawili huambiwa karibuni. Alimfinya mkewe mkono, na mke akabana kicheko, maana huo ulikuwa utani wao wa siku nyingi. Kila jioni kwa miaka kumi na minane, mume alipobisha hodi nyumbani, mke alimwitikia kutoka jikoni: "Karibuni!" Mume hulalamika kwamba yuko peke yake. "Wewe na kalamu yako nyekundu," mke humjibu, "mko wawili." Hata siku moja hakuwahi kumwambia karibu.

Basi mke akamkonyeza mumewe, akaitika kwa sauti ya mwanafunzi mtiifu:

"Nimeshakaribia, mama."

Nimeshakaribia. Hakusema tumeshakaribia.

Mwiko ukasimama chunguni.

Mwanamke akageuka. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa, uso wa mtu unayepishana naye sokoni. Alipakua sahani moja, akampa mke kwa mikono miwili.

"Na mimi je, mama?" mume akauliza, akijaribu kutabasamu. "Tuko wawili."

"Wewe hujafika."

"Si mimi huyu hapa, nimesimama mbele yako?"

"Hujafika," alinong'ona, kwa upole, kama anayemwondolea mtu wasiwasi.

Mke alitia kijiko kinywani. Akaacha kutafuna. Machozi yakamjaa.

"Mkono wa mama," alisema. "Huu ni mkono wa mama yangu..."

Alikula akamaliza. Akafuta sahani kwa kidole. Mume aliweka kiganja ubavuni mwa chungu, na chungu kilikuwa baridi. Baridi kama jiwe la mtoni.

Alimshika mkewe mkono, akamvuta hadi garini. Kwenye taa ndogo ya gari alimwona akifungua daftari na kuandika, kwa mwandiko wake safi wa ubaoni:

Kumi.

Asubuhi walisimama penye mayai na mkate. "Karibu, baba," mpishi alisema, akavuta kiti kimoja. Mchana, penye samaki: "Karibu, kaka." Kiti kimoja tena. Mke alikaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani.

"Onja basi, Mwalimu. Hata uwape sifuri."

"Nimeshiba."

Jioni, mhudumu wa nyumba ya wageni aliuliza, "Chumba cha mtu mmoja?"

"Tuko wawili," mume alisema. Sauti yake ilikatika. "Dada, tafadhali. Sema karibuni. Sema tu."

Yule dada alimtazama mke jinsi mtu anavyotazama dirisha. Kisha akashtuka. "Samahani... sikumwona."

Mume aligeuza gari, akaendesha moja kwa moja hadi hospitali kubwa. Walimwekea dripu. Kila kijiko cha uji alichomsogezea, mke aligeuza uso. Nywele zake zilinuka moshi wa kuni, hata baada ya kuoshwa. Alifariki siku ya kumi na moja. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Mume aliisoma ile karatasi mara tatu, na haikuwa na kosa hata moja.

Kiangazi kilichofuata alirudi peke yake. Karibu na ile njia panda alimkuta fundi wa matairi, akamuuliza.

"Pale hapajawahi kuwa na kibanda, mzee," fundi alisema, akiinamia gurudumu. "Ila sisi tunaopita pale, tukiitwa, tunajibu kwa wingi. Hata ukiwa peke yako. Tumeshakaribia. Yule hawezi wengi. Anachukua mmoja mmoja."

"Na aliyejibu kwa umoja?"

Fundi alipima upepo. Akapima tena.

"Tairi lako liko sawa sasa," alisema.

Jua lilikuwa linazama alipofika. Mafiga matatu na majani makavu, basi. Aliacha mlango wa gari wazi na injini ikinguruma. Neno alikuwa nalo tayari. Alikuwa amelifanyia mazoezi mwaka mzima, akiwa jikoni, mbele ya kiti kitupu. Nimeshakaribia. Ndilo lililompeleka mkewe. Lingempeleka na yeye huko aliko mkewe.

"Hodi," alisema.

Harufu ya moshi ikaja. Chini yake, ile ya sandukuni. Na nyuma ya mafiga, sauti ya mkewe, nyepesi, kama vile anatoka kufunika sufuria:

"Karibu."

Akafumbua kinywa...

Akakifumba.

Alikuwa ametega sikio kusikia kosa, kama kawaida yake, na kosa halikuwepo. Mtu mmoja, karibu moja. Sahihi kabisa. Miaka kumi na minane, na mke wake hakuwahi kulisema sahihi.

Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa gari.

"Mwalimu?" alinong'ona. "Ni wewe?"

Mwiko ukakwangua chungu, mara moja. Kisha, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa daftari lenye alama nyekundu:

"Karibuni."

Machozi yakamtoka. Umoja au wingi, alikuwa na majibu yote mawili ulimini.

Akafumbua kinywa.