Daktari Ambaye Hakumpima Mzee Lwitiko

Nyumbani kwa Mzee Lwitiko, huku kwetu Ikinga, wilayani Ileje, kuna njia mbili za kwenda bombani. Moja inapita mbele ya nyumba kubwa. Hiyo ni ya mzee na wageni wake. Nyingine inapita nyuma ya jiko, kando ya migomba. Hiyo ni ya Atupele, mkamwana wake.

Watu wa Ileje wanajua sababu. Kwa mila yetu, mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Akisikia kikohozi chake, anapinda kona. Hamtazami wala hamsemeshi. Anaweka chakula mezani, anatoka, ndipo mzee anaingia kula. Siku hizi familia nyingi zimeacha. Kwa Mzee Lwitiko hawakuacha. Atupele alikuwa ameishi pale miaka minne, na hakuwahi kumwambia mzee hata neno moja.

Mimi naitwa Jenista, ni nesi wa zahanati. Ninayaandika haya kwa ruhusa ya Atupele na ya mzee mwenyewe. Mdomo wangu ni mkali, wanaonifahamu wanajua. Sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, hata mimi mwenyewe.

Mzee Lwitiko ana miaka sitini na tatu. Mke wake alifariki zamani. Mwanawe ni mmoja tu, Gwamaka, mume wa Atupele. Gwamaka anafanya kazi Tunduma. Anapakia na kupakua mizigo kwenye malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nyumbani anakuja kila baada ya miezi mitatu hivi.

Mzee ana ugonjwa wa presha. Tuliugundua miaka mitano iliyopita. Nilimpa vidonge, kimoja kila asubuhi. Alikuwa mgonjwa mzuri sana. Kila mwezi alikuja na kadi yake mfukoni. Nampima, tunataniana kidogo, anarudi kupalilia kahawa yake.

"Nesi, mimi nitakuzika wewe," alikuwa akiniambia.

"Utanizika na deni la kahawa uliyoniahidi," namjibu. Tunacheka.

Krismasi iliyopita Gwamaka alimletea baba yake simu kubwa.

"Baba, sasa dunia yote iko mkononi mwako," alisema.

Mzee alifurahi kweli. Alijifunza upesi. Asubuhi alisikiliza kwaya, mchana mahubiri. Halafu, mwezi wa pili, simu ikaanza kumletea daktari.

Alikuwa daktari ambaye watu wamemwona kwenye runinga miaka mingi. Miwani yake ileile, koti lake jeupe, sauti yake ya upole. Alisema hivi: "Wazazi wangu, vidonge vya presha vinaua figo zenu. Hospitali hawatawaambia. Vitupeni leo. Tumieni unga huu wa mizizi siku thelathini tu, na presha itakwisha kabisa."

Atupele alikuwa jikoni. Sauti ile ilimfikia kupitia dirishani, asubuhi na jioni. Mzee aliirudia mpaka Atupele akaikariri.

Mzee aliagiza unga. Kifurushi kilifika stendi ya Tunduma. Nani alikipokea? Gwamaka. Alikichukua, akakipandisha kwenye Noah ya abiria ya kuja Ileje. Hakuuliza ndani kuna nini. Baba ameagiza, mtoto anatuma, basi.

Wiki hiyohiyo Atupele alikwenda jalalani kumwaga majivu. Aliona vidonge vyeupe katikati ya maganda ya maharage. Vilikuwa bado ndani ya karatasi zake za kung'aa. Alivijua, kwa maana ndivyo vilivyokaa mezani kila siku alipoweka uji wa mzee.

Alimpigia mume wake.

"Baba Tumaini, baba ametupa dawa zake za presha."

"Umejuaje?"

"Nimeziona jalalani. Na anakunywa unga fulani."

"Huo unga ameuagiza mwenyewe. Ni wa daktari mkubwa," Gwamaka alisema. Nyuma yake malori yalikuwa yakipiga honi. "Hivi wewe umeanza lini kuchunguza taka za baba mkwe wako? Watu wakisikia watasemaje?"

Atupele alikata simu. Aliona aibu. Aliokota vile vidonge, akavifunga kwenye kitambaa, akavificha jikoni. Alijiambia: mume wangu akija Pasaka, tutazungumza vizuri.

Sasa sikilizeni sehemu inayoniuma. Siku nne baadaye Atupele alikuja zahanati kumpima mtoto wake Tumaini uzito. Nikamuuliza, "Nyumbani wazima wote?"

Alinitazama. Alifungua mdomo. Halafu akasema, "Wazima, dada."

Sikumuuliza tena. Nilikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje. Na mzee mwenyewe alikuwa hajaja kuchukua dawa mwezi huo. Mwezi uliofuata pia hakuja. Niliona nafasi yake tupu kwenye daftari, nikasema labda yuko shambani. Nyumba yake iko mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa. Sikwenda. Hilo ni kosa langu, na nitakufa nalo.

Jambo baya kuhusu presha ni kwamba haipigi hodi. Mzee aliacha vidonge na hakusikia maumivu yoyote. Alilala vizuri, alikula vizuri. Akaona daktari wa kwenye simu amesema kweli. Kumbe ndani mishipa ilikuwa inazidiwa kila siku.

Alhamisi moja, kabla ya Pasaka, saa nne asubuhi, Atupele alikuwa anachambua mboga nyuma ya jiko. Alisikia jembe likianguka upande wa pili wa ukuta. Kisha akasikia kishindo kizito.

"Baba?" aliita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita.

Kimya. Halafu akasikia mtu akikoroma.

Hapo, ndugu msomaji, Atupele alisimama. Ukuta wa jiko ndio uliowatenganisha. Hatua sita tu, na angemwona. Lakini mzee ameanguka, huenda nguo zimemvuka. Je, amtazame baba mkwe akiwa katika hali hiyo? Amshike mwili? Alijifunika khanga kichwani, akarudi nyuma. Kisha akakimbia kwenda kumwita Bibi Enesi, jirani, simu akaisahau jikoni.

Bibi Enesi hakuwepo. Alikuwa amekwenda mashineni kusaga mahindi. Atupele alikimbia mpaka mashineni, mtoto mgongoni, analia njia nzima. Mpaka wanarudi wote wawili, saa nzima ilikuwa imepita.

Walimkuta mzee kifudifudi kwenye udongo wa mvua. Mdomo umepinda kushoto. Mkono wa kulia umelegea kabisa. Alijaribu kusema, yakatoka mate.

"Yesu wangu!" Bibi Enesi alipiga kelele. "Mleteeni maji anywe!"

Bahati Atupele aliichukua simu jikoni, akanipigia kwanza. "Msimpe maji!" nilimwambia. "Msimpe kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu. Hicho ni kiharusi. Natafuta gari sasa hivi."

Tulipata pikapu ya mtu wa mbao. Tulimfikisha hospitali ya wilaya. Daktari alimpima, presha ilikuwa juu mno. Alituuliza, "Ameanguka saa ngapi?" Atupele akajibu. Daktari alitikisa kichwa. "Kwa kiharusi kila dakika ina maana," alisema. "Mngemwahi ningewaahidi zaidi."

Atupele alikaa chini kwenye sakafu ya korido.

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku kumi na mbili. Alirudi amebebwa. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Mguu anauburuta. Maneno yanatoka mojamoja, kwa shida.

Gwamaka naye alikuja siku hiyohiyo kutoka Tunduma. Alikuta watu wamekaa sebuleni: mimi, Bibi Enesi, na Atupele karibu na mlango. Mzee alikuwa kitandani chumba cha pili, mlango wazi. Gwamaka aliichukua ile simu mezani.

"Naitupa chooni," alisema. "Na huyo daktari nitamtafuta Dar es Salaam, nitamshika koo!"

"Kaa chini," nilimwambia. "Huyo daktari hajasema maneno hayo."

"Ala! Mimi nimemwona kwa macho yangu, nesi."

"Umeona uso wake. Maneno yametengenezwa na wengine. Siku hizi kuna kompyuta zinazoweza kuiga binadamu. Redioni wanaiita akili unde, vijana wanasema AI. Tapeli anachukua video ya mtu anayejulikana. Anaipa kompyuta sauti yake. Kisha anaandika maneno anayotaka, na yule mtu anayasema. Daktari mwenyewe yuko kwake, hajui lolote."

Nilimfungulia ile video. "Acha kusikiliza. Tazama mdomo."

Gwamaka alitazama. "Midomo inachelewa kidogo," alisema taratibu.

"Hii inachelewa. Ijayo haitachelewa, maana wanazidi kuwa hodari. Kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Nakuuliza swali moja. Huyu daktari alimpima baba yako lini?"

"Hajampima."

"Anajua presha yake ni ngapi? Anajua anatumia kidonge gani?"

"Hapana."

"Basi mtu ambaye hajakupima hawezi kukuachisha dawa. Hata awe na koti jeupe, hata awe daktari wa kweli. Ukisikia kitu kwenye simu kinakugusa, usikitupe wala usikifuate. Njoo zahanati na hiyo simu. Niulize. Niite mwongo mbele yangu, sitakasirika. Lakini kidonge usiache."

Gwamaka aliinamisha kichwa. "Ule unga nilipokea mimi," alisema. "Nilimtumia baba yangu kiharusi kwenye Noah." Akalia mbele yetu, mwanaume mzima.

Nami niseme maoni yangu hapa, anayechukia achukie. Kila siku redioni wanatangaza: mashine mpya, akili mpya, dunia inakimbia. Mtangazaji anashangilia kama timu yake imefunga goli. Sijasikia hata mmoja akisema: wewe mzee wa Ikinga, angalia, uso unaweza kuigizwa. Wenye mitandao wanapata pesa tukitazama, iwe kweli iwe uongo. Video ile tuliripoti, mimi na Gwamaka, kwa kubonyeza pale pa kulalamika. Ikaondolewa. Baada ya siku mbili ikarudi kwa jina jingine, na watu elfu tisa walikuwa wameshaitazama. Nani anawajali hao elfu tisa? Hawajulikani hata wanaanguka wapi.

Wakati tunazungumza, Bibi Enesi alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Ghafla akasema, "Nesi, usinigombeze."

"Kuna nini, bibi?"

"Na mimi nimeacha vidonge vyangu vya presha. Wiki ya tatu sasa. Mzee ndiye aliyenirushia hiyo video."

Nilisimama. Nilitoa mashine kwenye mkoba, nikamfunga mkononi hapohapo. Presha yake ilikuwa mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi. Nilimpeleka zahanati saa ileile, tukamrudishia dawa. Leo presha yake imeshuka, analima, anasaga mahindi yake mwenyewe. Kila Jumapili baada ya ibada anasimama mbele ya akina mama na simu yake. Anawauliza, "Huyu wa leo amempima nani?" Akina mama watano wengine wamejitokeza na kukiri kwamba walikuwa wameacha vidonge. Wote wamerudi kwenye dawa.

Kuhusu Mzee Lwitiko, yeye mwenyewe alimwita Atupele. Ilikuwa jioni ileile, kabla hatujaondoka. Ilimchukua muda kulitoa jina.

"A-tu-pe-le."

Atupele aliganda mlangoni. Alimtazama mume wake. Gwamaka akasema, "Nenda. Baba anakuita."

Aliingia akiwa ameinamisha macho. Mkononi alikuwa na kile kitambaa. Alikifungua juu ya kitanda, mzee akaona vidonge vyake.

"Niliviokota jalalani, baba," Atupele alisema. "Nilijua. Nilijua tangu mwezi wa pili. Nisamehe."

Mzee alivitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mbona... hukusema?"

"Nilikuogopa, baba. Mkamwana anasemaje na baba mkwe?"

Machozi yalimtoka mzee, jicho moja zaidi ya jingine. Alijitahidi sana kulisema lililofuata.

"Ungesema," alisema, "nisingekusikiliza. Ningesikiliza... simu."

Ilikuwa kweli. Alijaribu kuunyanyua mkono wa kulia amshike mkwe wake kichwani, ukakataa. Akautumia wa kushoto.

Sasa wanazungumza. Kila asubuhi Atupele anaingia chumbani, anamkalisha, anampa kidonge na maji kwa mkono wake mwenyewe. Mzee anameza. Kisha Atupele anatoka kwenda kupalilia ile kahawa, kwa sababu mzee hawezi tena kushika jembe.