Sari Iliyoachwa Bwawani

Mtaani kwetu hakuna anayesema Maragatham alikuwa mwizi. Nalitanguliza hilo, maana yaliyompata yalianza na kitu alichokichukua.

Alikuwa mke wa Sabesan, mpiga zumari wa hekalu la Sani, mpaka vidole vya Sabesan vilipokakamaa na zumari ikatundikwa ukutani. Hekalu lenyewe ni la kale, hakuna ajuaye nani aliyeweka jiwe la kwanza. Sani ndiye mungu wa sayari ya Zohali, mchechemeaji, anayepita katika maisha ya kila mtu kwa zamu na kumwacha hoi. Jumamosi watu wenye mikosi humiminika kwake kutoka kila upande. Hujipaka mafuta ya ufuta, huzama katika bwawa la hekalu na nguo zao, kisha huzivua pale pale kwenye ngazi, huvaa nyingine na kuondoka bila kugeuka. Mikosi hubaki na nguo. Mwenyeji hazigusi. Watoto wa mtaa wetu hufundishwa kuziruka hata kabla hawajajua kusoma.

Maragatham naye alifundishwa hivyo. Lakini Jumapili moja asubuhi alishuka kuosha masufuria yake ya shaba, akaikuta sari ya hariri imetandazwa juu ya jiwe. Ya kijani, pindo lake la dhahabu, nzito kama mtoto aliyelala. Haikutupwa kama nyingine. Ilikuwa imenyooshwa vizuri, kana kwamba mtu ameitandika kitandani.

Kesho yake ilikuwa harusi ya Poongodi, binti wa dada yake. Maragatham ndiye aliyemlea Poongodi miaka ile dada yake alipokuwa mgonjwa. Na hariri yake mwenyewe ilikuwa imechanika mgongoni. Mwaka uliopita, kwenye uchumba, dada yake Visalam aliwaambia wakwe watarajiwa, mbele ya sinia za vitamutamu, "Mdogo wangu huyu huvaa hivi kwa sababu ya joto." Wakacheka. Maragatham naye alicheka, kisha akaenda kusimama chooni mpaka uso ulipopoa.

Akatazama huku, akatazama kule. Akaisukumiza sari ndani ya sufuria.

Aliifua, akaianika juu ya paa, akaipiga pasi ya mkaa. Ilikauka yote isipokuwa pindo la chini. Jua la saa nane liliwaka juu yake, pasi ikapita tena na tena, na pindo likabaki na unyevu, linanukia ufuta.

Asubuhi Sabesan alimwona ameivaa. Alikuwa mtu wa utani, lakini safari hii hakutania.

"Umeipata wapi?"

"Nimeazimwa."

"Na nani?"

"Kunywa kahawa yako, baba."

Akainywa. Akasema mgongo unamuuma, nenda wewe. Alipofika mlangoni Maragatham aligeuka kumuaga, akamkuta mumewe amevuta miguu juu ya kitanda, kama mtu anayempisha mwingine apite.

Kwenye ukumbi wa harusi, msichana wa mlangoni alimnyunyizia maji ya waridi na kumpaka msandali mkononi. Kisha akageukia pembeni mwa Maragatham, penye hewa tupu, akanyunyiza tena.

"Karibuni, mama. Mshike mwenzako, ngazi zinateleza."

Maragatham akadhani ni mzaha wa vijana. Akapita.

Visalam alimwona, akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Leo umependeza kama watu," akasema, na safari hii lilikuwa sifa. Akamketisha mstari wa mbele, karibu na mama mkwe wake, bibi mzee asiyekosa kuona kitu. Yule bibi alimsogelea Maragatham sikioni.

"Huyo uliyekuja naye mguu umefanya nini?"

"Nimekuja peke yangu, mama."

Bibi akatazama nyuma ya bega la Maragatham. Akatazama kwa muda. Kisha akajikusanya, akahamia kiti cha mwisho. Pale alipokuwa ameweka miguu, sakafu ilikuwa na maji.

Maragatham angeweza kuondoka wakati ule. Alilifikiria hilo. Lakini kuondoka kungetaka sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Akaketi. Zumari zikalia. Katikati ya zumari akasikia nyuma yake kitu kinaburutwa. Kinatulia. Kinaburutwa. Ubaridi ukatua begani mwake, uzito wa mkono.

Wakaitwa wanawake wenye waume hai, wampake bibi harusi manjano na kumwombea kabla ya kufungwa uzi wa ndoa shingoni. Maragatham hakuinuka. Visalam akamwita kwa jina, mbele ya watu. Akainuka.

Poongodi alikuwa amekaa chini ya maua, anang'aa. Alipomwona mama yake mdogo akatabasamu. Maragatham akamgusa shavu kwa kidole chenye manjano.

"Mama mdogo," Poongodi akanong'ona, "nani huyo aliyekushika bega?"

Na hapo begani pakawa pepesi.

Hilo ndilo alilolionea haya kuliko yote, baadaye. Kwamba alifurahi. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akarudi kitini akitembea vizuri, na alikuwa ameshakaa ndipo alipojiuliza mzigo umetuliwa wapi.

Akamtazama bibi harusi. Poongodi hakutabasamu tena. Alikuwa anajipangusa bega. Kuhani akamwambia asimame, akasimama, na mguu wa kushoto haukumfuata. Akauvuta. Shangazi mmoja akacheka, akasema sari nzito hiyo. Chini ya pindo la Poongodi maji yalianza kutambaa.

Sinia yenye uzi wa ndoa ikaanza kupitishwa kwa wazee waibariki. Ikafika mstari wa tatu. Ikafika wa pili. Maragatham alinyamaza. Kila mkono ulioigusa, alinyamaza.

Ilipomfikia yeye, akainuka.

Alimwendea dada yake jukwaani, akamwambia sikioni. Maneno machache. Visalam alirudi nyuma kana kwamba amemwagiwa kitu.

"Umeokota nguo za bwawani," akasema polepole, "ukaja nazo kwenye harusi ya mwanangu."

Hakupaza sauti. Lakini walikuwa wamesimama kando ya kipaza sauti cha kuhani. Ukumbi mzima ulisikia. Zumari zilikoma moja moja. Mtu akavuta mtoto wake. Wale waliokuwa wamekaa jirani na kiti cha Maragatham waliinuka wote, bila kuambiana.

Hakuna aliyemtukana. Angependa wangemtukana.

Akapiga magoti mbele ya Poongodi. Hakumtazama usoni. Alitazama pale pembeni, penye maji.

"Niliyekuchukua ni mimi," akasema. "Huyu hana kosa. Twende nyumbani."

Kisha uzito ukarudi begani, wa mkono mzima, na vidole vikajifunga.

Poongodi akasogeza mguu wake. Ukamtii. Maragatham akashuka jukwaani, akapita katikati ya watu waliompa njia pana kuliko inayomtosha mtu mmoja.

Jioni ile ile alizama bwawani, akaivua sari kwenye ngazi, akaondoka bila kugeuka. Kuhani wa Sani, aliyemjua tangu utotoni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nguo umeirudisha, vizuri," akasema. "Lakini kule ukumbini ulimwambia nini?"

"Nilimwambia twende nyumbani."

Kuhani akainamisha kichwa. "Mkosi nina dua yake," akasema. "Ya mgeni aliyekaribishwa sina."

Poongodi anatembea vizuri, ana watoto. Visalam hajavuka tena kizingiti cha mdogo wake, na Maragatham hamlaumu. Akikutana na watu sokoni hutazama chini. Wanamsalimu, yeye ndiye asiyeweza kuitikia kwa sauti.

Lakini kuna jambo la kunguru. Kwetu kila nyumba, kabla watu hawajala mchana, huwawekea kunguru wali na mchuzi uani, juu ya jani la mgomba. Wanashuka kila ukuta wa mtaa isipokuwa wake. Kwake hujipanga tu juu ya paa, kimya, wanautazama wali.

Hata hivyo wali huisha. Sabesan aliona mwenyewe. Jani la mgomba lilikuwa limefutwa safi, michirizi ya vidole vinne ikionekana kwenye mchuzi. Na lilikuwa limekunjwa katikati, upande wa juu ukilalia wa chini, kama mgeni anavyolikunja karamuni kuwaambia wenye nyumba kwamba ameshiba, na kwamba atakuja tena.