Nusa Hoho, Puliza Hoho

Septemba ikifika, jengo letu hapa mjini Yambol linanukia hoho za kuchoma. Kila roshani ina jiko lake la umeme la kuchomea hoho. Uani moto unawaka, masufuria makubwa yanachemka, na majirani wanabishana kuhusu chumvi. Tunapika lyutenitsa, rojo nyekundu ya hoho na nyanya. Tunaipaka kwenye mkate majira yote ya baridi. Nyumba isiyo na lyutenitsa husengenywa, na wasengenyaji wakubwa ni sisi wa ghorofa ya chini.

Vesela na mumewe Ognyan wanakaa juu yangu. Ni watu wazuri, ila wakishika mwiko wanageuka maaskari. Wana mtoto mmoja, Radina, msichana wa miaka saba. Mwaka huu alikuwa anaanza darasa la kwanza.

"Radina, toka hapo, utaungua!" anasema baba.

"Radina, acha kisu!" anasema mama. "Shika simu, kaa pale."

Radina anakaa pale, juu ya kreti, na simu mkononi. Wazazi wanamenya, wanasaga, wanakoroga hadi jioni. Kazi yote hiyo ni kwa ajili yake, lakini hata kumtazama hawapati nafasi. Uani kwetu kila mzazi anafanya hivyo, na kila mzazi anadhani huo ndio upendo.

Kisha Radina akaanza kuumwa tumbo. Kila asubuhi tumbo, tumbo. Vesela akampeleka kwa daktari. Daktari akampima vizuri, akasema tumbo ni zima.

Ijumaa, wakati wa chakula cha jioni, Radina akasukuma sahani.

"Siendi shule."

"Utakwenda," akasema mama yake. "Wewe sasa ni mkubwa. Wakubwa hawaogopi."

"Siendi! Mkinipeleka nitalala chini getini!"

Nilimsikia kupitia dari. Shule ilikuwa inafunguliwa wiki iliyofuata. Vesela alijiona tayari akimburuta mtoto mbele ya mji mzima, na maua ya kumpa mwalimu yamevunjika. Aliogopa kweli.

Kesho yake Tsveta wa ghorofa ya tatu alishuka uani kuazima kifuniko. Tsveta ni nesi wa kliniki ya watoto. Ni mcheshi, na hana haraka hata siku moja. Vesela akamweleza yote huku akimenya.

"Daktari ameshampima?" akauliza Tsveta.

"Ameshampima. Hana ugonjwa."

"Basi ni hofu. Kwa watoto hofu hupenda kukaa tumboni. Maumivu yenyewe ni ya kweli, jirani, hakudanganyi."

"Mbona namwambia kila siku asiogope?"

"Ndiyo maana hakuambii anachoogopa. Ukimwambia asiogope, anajua kwamba hofu yake huitaki. Mwambie umemsikia. Na mpe muda wako kidogo, kila siku, mfanye kitu pamoja."

Ognyan akacheka. "Muda? Tsveta, tazama hizi hoho!"

"Nazitazama. Kwani mikono yake ina ubaya gani? Kisu na moto ni vyenu. Hoho iliyopoa hata mtoto anaimenya. Na simu ziwekwe ndani. Zenu kwanza."

"Na mpira je? Leo kuna mechi!"

"Utaambiwa matokeo na mji mzima, usijali."

Simu zikaenda ndani. Ognyan alitembea kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Radina akanawa mikono, akakaa katikati ya wazazi wake. Mama akampa hoho iliyokuwa bado na joto kidogo.

"Ngoja," akasema Tsveta. "Kwanza inuse. Polepole, kwa pua, mpaka tumbo lijae kama puto. Haya. Sasa ipulize ipoe. Polepole zaidi, kwa mdomo. Tena."

Radina akanusa, akapuliza. Mabega yake yakashuka.

"Baba naye!" akasema.

Ognyan akanusa kwa kelele, akapuliza kwa nguvu zake zote. Mbegu zikaruka zikamjaa Vesela usoni.

"Ng'ombe wewe!" akapiga kelele Vesela. "Kasema polepole!"

Radina alicheka hadi akashika tumbo. Mara hii si kwa maumivu. Wakarudia wote watatu, taratibu, kisha wakaanza kumenya. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mikono ikifanya kazi, mdomo hufunguka wenyewe.

"Mama," akasema Radina bila kuinua macho, "kama nataka kwenda chooni, na mwalimu hajui jina langu?"

Vesela alikuwa karibu kusema hilo si neno. Akamwona Tsveta anamtazama, akameza maneno.

"Kumbe hilo ndilo linalokuumiza," akasema. "Nimekusikia, kipenzi changu. Hata mimi ningeogopa."

"Mimi siku ya kwanza nilijikojolea," akasema Ognyan.

Radina akaacha kumenya.

"Kweli, baba?"

"Kweli tupu. Mbele ya mkuu wa shule."

"Tumeoana miaka kumi na hujaniambia!" akasema Vesela.

"Ningekuambia, ungenikubali?"

Sasa hata mimi dirishani nilicheka, wakajua nasikiliza.

Tangu siku hiyo wazazi wale walibadilika, na wala haikuwagharimu kitu. Jioni walitembea pamoja hadi shuleni. Radina aligusa geti. Mlinzi akawaruhusu waingie, wakakiona choo na mlango wake wa bluu. Nyumbani walicheza shule. Radina alikuwa mwalimu, na baba yake alinyoosha mkono kuomba ruhusa mpaka akachoka. Wakila, kila mmoja alitaja jambo moja zuri la siku hiyo. Ognyan mwanzoni alitaja soseji tu, siku baada ya siku. Kisha akasema, "Leo Radina alinishika mkono njiani." Vesela alinyanyuka kwenda kutafuta chumvi iliyokuwa mezani.

Sufuria la mwisho lilipoepuliwa, Tsveta alifungulia muziki dirishani kwake. Tukashikana mikono, tukacheza horo, ngoma yetu ya duara, kuzunguka uani, wazee kwa watoto, viganja vyekundu kwa hoho. Radina ndiye aliyetuongoza mbele, na mimi na magoti yangu haya nilicheza hadi mwisho.

Siku ya shule ikafika. Watoto walijaa getini na maua ya walimu wao. Maji yalimwagwa mlangoni, kama ilivyo desturi yetu, ili mwaka uende laini. Radina alitembea vizuri hadi hapo, kisha akasimama.

"Tumbo," akanong'ona.

Vesela akachuchumaa. "Nimekusikia. Tufanyeje?"

"Hatuna hoho."

"Tuna maua," akasema Ognyan. Suti ilikuwa inambana, lakini alipiga goti hapohapo kwenye maji. Wakakutanisha vichwa juu ya yale maua. Wakanusa polepole. Wakapuliza polepole. Wakarudia. Watu walitazama, na Ognyan hakujali.

Radina akanyanyua kichwa. Akamwendea mwalimu, akampa maua.

"Naitwa Radina," akasema kwa sauti. "Nikitaka kwenda chooni nitanyoosha mkono."

"Vizuri sana, Radina," akasema mwalimu. "Nitakuona."

Radina akavuka maji, akaingia ndani na wenzake.

"Hata hajageuka kututazama," akasema Vesela.

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo," akasema Vesela, analia na kucheka kwa pamoja. "Ndivyo hasa."