Mkojo wa Kaka

Lifti ya hospitali ilikuwa imesheheni watu. Spana aliingia kinyumenyume akakanyaga mguu wa mtu.

"We kaka, hicho kiatu ni kipya!"

Akageuka. Mwenye kiatu alikuwa dada aliyevaa gauni la bluu chini ya koti jeupe, kashika kikasha cha kubebea damu, ananukia nguo zilizoanikwa juani. Spana alikuwa fundi pikipiki mwenye mdomo mrefu kuliko mnyororo, lakini siku hiyo mdomo ulikwama.

"Nitakung'arishia," alisema mwishowe.

"Kwa mikono hiyo yenye oili?"

"Ndiyo inayong'arisha vizuri."

Dada akacheka. Hadi wanashuka walikuwa wameshapeana namba. Yeye alisema anafanya kazi maabara. Spana naye hakuzunguka mbuyu: ana saratani ya damu, na wiki hiyo analazwa awekewe seli za kutengeneza damu kutoka kwa kaka yake.

"Basi utakuwa jirani yangu," dada akasema, bila ile sura ya msiba ambayo kila mtu alikuwa akimvalia. Hapo hapo Spana akaisha kwa mapenzi.

Baada ya kuwekewa seli, alifungiwa kwenye chumba cha peke yake chenye dirisha la kioo. Nywele zilipukutika, mdomo ukajaa vidonda. Raha iliyobaki ilikuwa simu.

"Umeamkaje, Spana wangu?"

"Kama injini iliyofunguliwa ikasahaulika mezani."

"Usijali mpenzi, mafundi tupo. Halafu leo nimekuona vizuri sana. Nimepima mkojo wako."

Uso wa Spana ukawaka moto. "Kumbe ni wewe unayepima?"

"Kila siku. Figo zikianza kuumia, kuna protini zinatokea kwenye mkojo mapema, kabla kipimo cha damu hakijashtuka. Hizo dawa za kuzuia seli za kaka zisikushambulie ni kali kwa figo. Na zako zimeanza kunitia wasiwasi. Kesho tukipima tena, daktari ataamua."

Habari ya figo ilimpita Spana juu kwa juu. Alichosikia ni kwamba mwanamke anayempenda anashika kikopo chake, chenye kitu cha rangi ya chai iliyolala.

Kesho yake kaka alipokuja kumwona, amevaa barakoa na gauni la hospitali, Spana akamsukumia kikopo.

"Kaka, ingia chooni unijazie."

"Nikujazie nini?"

"Umenipa seli, mkojo ndio utakushinda?"

Kaka hakupenda ugomvi. Akajaza.

Mchana simu ikaita.

"Spana, huu mkojo ni wa nani?"

"Wangu. Wa nani tena?"

"Jana figo zinalia, leo safi kama za mtoto mchanga? Hata mimi mzima sina mkojo kama huu."

"Sasa umefurahi au umekasirika?"

"Daktari akiamini hiki kikopo, atakuachia dawa vilevile, na figo zitakwenda. Nakuuliza mara ya mwisho."

"Nimeshakujibu."

Simu ikakatwa. Alipopiga, haikupokelewa. Akapiga tena, wapi. Ameniona kinyaa, akajisemea.

Mara muuguzi akaingia na kikopo kipya, akasimama kama askari wa getini.

"Mbele yangu."

"Yule mwanamke kanichongea!"

"Kakuokoa. Kojoa."

"Ule ulikuwa wangu, sista!" kaka akapiga kelele kutoka nyuma ya kioo. "Nilijaza mimi!"

Mkojo halisi ulipopimwa, zile protini zilikuwa zimepanda sana. Daktari akapunguza dawa, akaongeza maji ya mshipa. Spana akalala akitazama dari. Aliogopa mashine ya kusafisha damu, na aliogopa zaidi simu iliyonyamaza. Kaka katoa seli zake, na yeye alitaka kuziharibia nyumba kwa sababu ya aibu!

Baada ya siku kadhaa, dada akatokea kwenye kioo, macho mekundu, simu sikioni. Ya Spana ikaita.

"Zimeshuka. Figo zako zimepona, mjinga we."

Spana akasogelea kioo. "Nilidhani umeniona kinyaa."

"Kinyaa? Nashinda na mikojo ya jengo zima. Wako tu ndio unaoninyima usingizi."

"Mbona hukupokea simu?"

"Siku ile nilikuwa namkimbilia daktari huku nalia, zilizofuata nikashinda napima mikojo yako. Muda wa kuongea na muongo ningeutoa wapi?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Sijasikia. Kioo kinene."

"Nisamehe!" Hata muuguzi akageuka.

Siku ya kuruhusiwa, dada alimngoja mlangoni, gauni la njano, miguuni viatu vilevile vya kwenye lifti. Spana alitoka na kofia juu ya kipara, kaka nyuma na mabegi. Spana akamkabidhi dada kikopo cha maabara kilichofungwa vizuri.

"Spana! Hapa hapa mbele za watu?"

"Pima."

Dada akafungua kifuniko kwa woga. Ndani kulikuwa na pete.

"Na hii je, ni ya kaka yako?"

"Safari hii simo!" kaka akasema.

"Ni yangu mwenyewe," Spana akasema. "Majibu yanatoka lini?"

Dada akafuta machozi kwa kiganja, akanyoosha kidole.

"Yametoka. Nivalishe."