Hotuba ya Kiboko

Nakhungu alikuwa anapita soko la Otonglo na gauni lake la kitenge cha manjano alipomwona kijana mwenye ovaroli iliyotapakaa rangi. Anachora kuku kwenye ukuta wa hoteli, na kuku mwenyewe anacheka!

"Wewe, kuku wa kuchinjwa anacheka nini?"

"Hajaambiwa, madam."

Lo! Nakhungu, mwalimu wa chekechea, alicheka mpaka kilemba kikalegea. Kabla ya jioni alikuwa amempa kijana huyo, Obonyo, hadithi aliyowaandikia watoto, aichoree picha. Kiboko anapiga kelele kuwaonya wenzake kwamba magugu yanaziba ziwa. Wao wanadhani anawafukuza, wanahama. Mwishoni wanarudi, naye anatoa hotuba ya kuwasamehe. Hotuba hiyo Nakhungu aliipenda kuliko kitabu kizima.

Wakawa wanakutana kila Jumamosi, na mapenzi yakaingia humo humo. Jamani, mkono wa Obonyo! Alichora kobe ukatamani kumpa chakula.

Kisha picha ya mwisho ikaingia kwenye simu. Wanyama wote wamemkumbatia Kiboko. Maneno hakuna. Nakhungu akapiga simu huku anachemka.

"Hotuba yangu iko wapi?"

"Nimeitoa, jaber, mrembo wangu. Ngoja nikueleze..."

"Unieleze nini? Kumbe maneno yangu ni takataka! Usinitafute tena!"

Akakata. Alimpenda, ndiyo, lakini mwanamume anayemnyamazisha kitabuni si atamnyamazisha nyumbani maisha yote? Moyo ukamuuma, na simu hakushika.

Ijumaa, mwalimu mwenzake Dorca akampigia. "Njoo darasani kwangu. Mtu wako anawasomea watoto kitabu."

Nakhungu akasimama mlangoni. Obonyo alikuwa anayasoma maneno ya Nakhungu polepole, kwa heshima, bila kuruka hata moja. Alipofika picha ya mwisho akanyamaza.

"Pole, Kiboko!" msichana mmoja akapaza sauti. "Tulidhani umetukasirikia!"

"Nimewasamehe!" mwingine akanguruma kwa sauti nzito. "Rudini tucheze!"

Darasa zima likaanza kuombana msamaha. Hotuba walikuwa wanaitoa wao. Nakhungu akalia waziwazi.

"Mbona hukuja kuniambia?" akamuuliza nje.

"Ulisema nisikutafute. Nilidhani umenichoka."

"Nisamehe, Obonyo. Lakini mimi nyumbani sitanyamaza."

"Nani anataka unyamaze? Nataka nikusikie mpaka tuzeeke."

"Hiyo ni posa ama?"

"Ni posa. Unasemaje?"

Akajifuta machozi kwa kiganja. "Nasema twende Bungoma umwambie baba. Na huko, tafadhali, usiruke neno hata moja!"